Nyumba za Shela: Tukodishe, Tusiuze

Ni jambo lisilo na ubishi kwamba Shela inapendwa. Mtu atokaye Amu mjini kwa miguu, akafuata ufuo mwendo wa yapata kilomita 3, au atokaye uwanja wa ndege wa Manda kwa mashua, huuona kwanza mnara mweupe wa msikiti, kisha mapaa ya makuti juu ya nyumba za mawe, kisha michanga iliyopanda nyuma ya mji kama vilima. Gari hakuna. Mizigo hubebwa na punda, na vichochoro ni vyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja humpisha mwenzake. Mbele ya mji uko mkondo wa bahari, na ukipinda kona ya michanga unaikuta pwani ndefu ya kilomita nyingi, mchanga mtupu na mawimbi. Kwa mtu aliyechoshwa na moshi na honi za miji mikubwa, mahali kama hapa ni tiba.

Basi si ajabu kwamba mgeni akija mara moja hurudi, na akirudi mara tatu huanza kuulizia nyumba ya kununua. Mwenye mali hutafuta pa kuiweka mali yake, na nyumba ya mawe penye upepo wa bahari ni mahali pazuri pa kuiweka. Siwalaumu wageni hao. Swali langu leo linatuhusu sisi wenyeji: mgeni tumuuzie nini, na nini tubaki nacho?

Jibu langu nalitoa mapema, ili msomaji asichoke kulisubiri. Tumuuzie malazi, chakula, safari za mashua na kazi za mikono yetu. Tukipenda, tumpe hata ijara ya miaka mingi. Lakini nyumba yenyewe, na ardhi iliyo chini yake, tusiiuze.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya wivu, au ya mtu asiyejua njaa. Nawaomba wanisikilize mpaka mwisho, kisha wahukumu.

Kwanza tukumbuke Shela ni nini. Wazee husimulia kwamba wakazi wake wa mwanzo walivuka kutoka Takwa, ng'ambo ya mkondo katika kisiwa cha Manda, mji ambao leo ni magofu, na hadi karne hizi watu wa Shela wamekuwa wakienda huko kuzuru na kuomba mvua. Karibu na mwaka 1812 vita vilipiganwa hapa Shela. Majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yalishuka pwani hii kutaka kuitiisha Amu, yakashindwa. Baada ya ushindi huo watu wa Amu walimwendea Sayyid Said wa Omani awape himaya, na ngome ya Amu tunayoiona leo ikakamilishwa miaka michache baadaye. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye huo mnara unaopigwa picha na kila mgeni, ulijengwa mwaka 1829. Mji huu, basi, una watu wake na habari zake tangu kabla ya kuzaliwa hoteli ya kwanza.

Pili, tuseme haki. Wageni wameifaa Shela. Katika miaka ya 1960 biashara ya majahazi ilikuwa imekwisha kufifia, vijana wengi walikuwa wakihamia Mombasa na Arabuni, na nyumba nyingi za mawe zilikuwa zimeanguka, miti imeota ndani ya vyumba na popo wamefanya makazi. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967, na baada yake wakaja wasafiri wa kila namna, wenye fedha na wasio nazo. Magofu yakaanza kusimama tena. Fundi wa chokaa, mchonga milango, nahodha, mpishi, mchukuzi wa maji na mwenye punda, wote walipata riziki. Yako mafunzo ya ujenzi wa zamani ambayo pengine yangekufa kama asingetokea mtu wa kuyalipia. Mji wa kale wa Amu ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, jina la kisiwa kizima lilipanda, na bei za nyumba nazo zikapanda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga hawakukosea.

Lakini mwenyeji atapona vipi akiwa ameuza mahali pa kumpokelea mgeni?

Tutazame jinsi nyumba inavyotoka mikononi mwetu. Mara nyingi haitoki kwa tamaa ya mtu mmoja. Hutoka kwa mirathi. Chukua mfano huu. Mtu amefariki, wazazi wake wametangulia, naye ameacha mjane, wana wa kiume 2 na mabinti 3. Kwa sheria yetu mjane hupata thumni, yaani fungu 1 katika 8. Mafungu 7 yaliyobaki ni ya watoto, na mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke. Kila mwana wa kiume ana mafungu 2, kila binti fungu 1. Hesabu imetimia: 1 la mjane, 4 za wana, 3 za mabinti, jumla 8.

Nyumba ni moja, warithi ni 6. Mmoja yuko Mombasa, mmoja yuko Arabuni, mmoja ana deni, mmoja anataka mashine ya boti. Paa limeanza kuvuja na hakuna aliye tayari kulipia boriti. Hapo ndipo dalali hubisha hodi. Anakuja kwa adabu, anaulizia hali za wazee, kisha anataja bei. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba imeuzwa shilingi milioni 8. Kabla ya dalali, wakili na madeni ya marehemu, kila binti ana milioni 1. Je, hiyo milioni 1 itamnunulia nyumba ya mawe Shela? Haitamnunulia hata ukumbi wake. Itamnunulia labda kiwanja nje kabisa ya mji, na matofali ya kuanzia, na baada ya mwaka atakuwa na kuta zisizo na paa. Mji aliozaliwa ataingia asubuhi kufanya kazi na jioni atatoka.

Natazama zaidi fungu la binti kwa sababu maalumu. Msomaji wa pwani anajua kwamba katika miji yetu ya kale nyumba ilikuwa ni mambo ya wanawake. Mtu mwenye uwezo akipata binti, alianza kufikiria nyumba ya kumwozea. Kama kiwanja kilikuwa kidogo, alipandisha ghorofa. Kama jirani wa ng'ambo ya kichochoro alikuwa ndugu, walijenga wikio juu ya njia ili wanawake wapite kutoka nyumba hii kwenda ile bila kushuka chini. Bwana arusi alikuja kukaa kwa mkewe. Ndoa ikivunjika, mwanamume ndiye aliyebeba sanduku lake. Daka la kuongea na wageni mlangoni, kiwanda cha wazi kinacholeta mwanga, kumbi moja nyuma ya nyingine, chumba cha ndani chenye zidaka za chokaa ukutani: yote hayo yalipangwa ili familia iwe na sitara yake. Kuiuza nyumba ya namna hiyo ni kumwondolea binti ngome aliyojengewa na babu yake.

Bibi mmoja wa hapa, aliyewahi kushawishiwa mara nyingi auze, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, pesa zina miguu. Nyumba yangu haina."

Na baada ya kuuzwa, nyumba hugeuka nini? Wako wanunuzi wanaokaa, wanaojifunza lugha, wanaojua jina la imamu na wanaokwenda mazikoni. Hao ni majirani, Mungu awazidishe. Lakini wengi huja wiki chache za baridi kali kwao, na miezi mingine yote mlango una kufuli na mlinzi. Mtaa ambao zamani kila nyumba ilikuwa na mtoto wa kutumwa dukani, leo unapita baada ya isha na taa ni za kuhesabu. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, sahani za futari zilizokuwa zikivuka kichochoro hazina pa kuvukia. Msikiti unahitaji watu wanaoishi karibu nao. Chuo cha Kurani kinahitaji watoto. Uzuri wa nyumba hauwezi kujaza safu.

Iko hoja nyingine, nayo ni ya biashara tupu. Biashara ya wageni ni kama pepo zetu. Kaskazi huja na huenda. Septemba 2011 wageni walivamiwa Kiwayu, na tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo mama mmoja wa Kifaransa akatekwa nyumbani kwake Manda, ng'ambo tu ya Shela. Serikali za Ulaya zikawaonya raia wao wasije. Juni 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni, na Lamu ikawekwa chini ya amri ya kutotoka usiku. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona na ndege zikasimama. Mara tatu katika miaka kumi, mashua zilikaa juu ya mchanga na wapishi wakarudi makwao. Aliyekuwa na nyumba yake alikula samaki, akangoja, upepo ukarudi. Aliyekuwa ameuza, akiishi kwa mshahara wa kuilinda nyumba iliyokuwa yake, alipoteza mshahara na nyumba hakuwa nayo. Nani kati ya hawa wawili alikuwa mwekezaji mwenye akili?

Sasa tuseme habari ya maji, maana hapa ndipo Shela inapobeba Amu nzima. Michanga ile inayopendeza machoni ina kazi kubwa kuliko kupigwa picha. Mvua ikinyesha huipenyeza chini, na maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Visima vilivyochimbwa huko ndivyo vinavyonywesha mji wa Amu. Ukiteka kwa kiasi, mvua hulipa. Ukivuta kwa mashine kupita kiasi, ili kujaza mabwawa ya kuogelea na kunyweshea bustani, au ukijenga juu ya michanga na kuchimba mashimo ya vyoo, chumvi hupanda na uchafu hushuka. Na chumvi ikiingia kisimani haiondoki kwa kuomba radhi. Tena sisi tunayo hadithi yetu wenyewe: miongoni mwa sababu wanazozitaja wazee za kuhamwa Takwa ni visima kugeuka chumvi. Watu waliohama kwa ajili ya maji mara moja wana haki ya kuwa wakali juu ya maji.

Wala tusidhani kwamba jambo hili limetupata sisi peke yetu. Huko mbali, pwani ya bahari ya Kaspi, iko nchi ya Azabajani, nchi ya Waislamu iliyopata uhuru wake mwaka 1991 Muungano wa Kisovieti ulipovunjika, ikatajirika kwa mafuta. Mji wake mkuu ni Baku, na ndani ya Baku uko mji wa kale wenye kuta, misikiti, hamamu na vichochoro kama vyetu. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mwaka huo huo tetemeko la ardhi likautikisa. Juu ya tetemeko likaja jambo jingine: fedha. Watu wakabomoa na kujenga mipya bila mpango, hata mwaka 2003 UNESCO ikauandika mji ule katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ulitolewa humo mwaka 2009, baada ya serikali kuweka usimamizi na mipango. Leo Baku hupokea wageni na wenye mitaji, na watu huisifu. Funzo ninaloliona mimi ni dogo na wazi: mahali panapopendwa pasipowekewa masharti mapema, hupendwa mpaka pakaharibika. Mgeni haweki masharti. Mwenye mji ndiye anayeyaweka.

Je, masharti gani? Nataja matatu, na yote yako mikononi mwetu.

La kwanza ni haki ya shufaa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya kulitwaa fungu la mshirika mwenzake linapouzwa kwa mtu wa nje, kwa bei ile ile. Haki hiyo ina masharti yake, na wa kuyaeleza ni kadhi, si mwandishi wa gazeti. Lakini ni wangapi kati ya warithi wa Shela waliowahi hata kuisikia? Ndugu aliye Arabuni hupigiwa simu baada ya mkono kupeanwa. Inafaa kila familia ikubaliane, tangu siku ya kugawa mirathi, kwamba atakayetaka kuuza atawaambia kwanza nduguze na kuwapa muda wa kuchanga. Tunachangia harusi na mazishi. Hatuwezi kuchangia nyumba ya mama?

La pili ni ijara. Mwenye gofu asiye na fedha za kulijenga anaweza kumkodisha mgeni kwa miaka inayojulikana, 10 au 15 au 20, mgeni ajenge kwa gharama yake, akae au apangishe, na muda ukiisha nyumba irudi kwa wenyewe ikiwa imesimama. Mkataba uandikwe na wakili, usomwe kwa Kiswahili mbele ya warithi wote, wanawake wakiwemo. Useme kuta zitiwe chokaa, si saruji, kwa kuwa mawe ya matumbawe yana chumvi na unyevu, na saruji huufungia unyevu ndani mpaka ukuta ukaoza. Useme hakuna kuongeza ghorofa itakayochungulia kiwanda cha jirani. Useme maji yatatekwa kiasi gani. Useme nani atalipia boriti zilizoliwa na mchwa siku ya kurudisha funguo. Na mwenye nyumba iliyo nzima hahitaji hata hayo: akiwa na sabule moja ya wageni au ghorofa ya juu, aipangishe kwa siku au kwa mwezi, yeye akae chini. Kodi ya mwaka huu haizuii kodi ya mwaka ujao.

La tatu ni wakfu. Babu zetu walipoona kwamba watoto watagombana, waliifanya nyumba kuwa wakfu wa dhuria wao, isiuzwe wala isirithiwe, bali wakae au wale kodi yake. Kenya inayo Tume ya Wakfu kwa mujibu wa sheria. Zipo wakfu zilizopotea kwa kukosa hati, kwa hiyo anayetia wakfu leo aandike, asajili, na ateue msimamizi mwaminifu.

Wako wanaojifariji kwa sheria ya nchi. Ni kweli Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Kinga hiyo ni njema, lakini tusiitie maana isiyokuwamo. Sheria inamwekea mgeni mpaka. Haimrudishii muuzaji alichouza. Tena miaka 99 ni vizazi vinne. Mtoto wa leo hatakuwapo kuushika ufunguo.

Na kwa mgeni anayesoma haya, au anayesomewa na mwenyeji wake, nasema: karibu. Kama unaipenda Shela kwa utulivu wake, kwa adhana ya alfajiri, kwa watoto waendao chuoni na wavuvi wanaotweka tanga, jua kwamba hayo yote hufanywa na watu, na watu hao wanahitaji pa kulala ndani ya mji. Mwekezaji anayekodi nyumba, akawaacha wenyewe kuwa majirani zake, ananunua hiyo Shela anayoitaka. Anayenunua mtaa mzima atabaki na kuta. Ulizia pia hati, na uwajue warithi wote kabla ya kutoa hata senti moja. Nyumba nyingi zina karatasi za zamani na wenyewe waliotawanyika, na nyumba yenye ugomvi wa ndugu haina baraka kwa mtu yeyote.

Serikali ya kaunti, Makumbusho ya Taifa, kadhi, maimamu na wazee wa mji wana sehemu yao, hasa katika kuilinda michanga na visima. Lakini nyumba haiuzwi na kaunti. Inauzwa sebuleni, kwa chai na kahawa, na watu wenye jina moja la ukoo. Kwa hiyo dalali akija safari ijayo, mkaribisheni, mpeni kahawa, kisha muulizane mbele yake maswali matatu: Fungu la binti yetu litamnunulia nini, na wapi? Mgeni huyu atakubali kukodi? Na wenzetu walio mbali wameambiwa?

Akijibiwa hivyo katika nyumba kumi, ya kumi na moja atakuja na mkataba wa kukodi.